Kisu cha Jikoni na Safari ya Ng'ambo

Kwa wakazi wa Rusizi, wilaya ile ambayo wazee wengi bado huiita Cyangugu, kisu ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe. Mchinjaji wa Kamembe hupatia riziki yake kwa kisu. Mama wa nyumbani humenyea ndizi na muhogo kwa kisu. Mkulima wa Bugarama hufyekea kingo za shamba lake la mpunga kwa panga au kwa ule mundu wenye ncha iliyopinda, uitwao umuhoro kwa Kinyarwanda. Hakuna anayemtazama mwenzake kwa mashaka kwa sababu tu amembeba kisu kikapuni akitoka sokoni.

Lakini kisu hicho hicho kikitiwa katika kifurushi na kuandikiwa anwani ya London, Brussels au Chicago, mambo hubadilika. Karani wa kampuni ya kusafirisha vifurushi hukigeuza mara mbili tatu, huuliza maswali, hutazama orodha iliyobandikwa ukutani, kisha mara nyingi hukirudisha kwa mwenyewe. Wakati mwingine hukipokea, mteja akalipa nauli kubwa, na baada ya wiki kadhaa akaarifiwa kwamba kifurushi chake kimezuiwa na forodha ya nchi ya mbali. Fedha zimekwenda, kisu kimekwenda, na aliyekuwa akikingojea hakukipata.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Watu wangapi, pengine mtu atauliza, hupeleka visu ng'ambo? Jibu ni kwamba suala lenyewe si la kisu peke yake. Wanyarwanda wengi wana ndugu zao katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na ndugu hao hutamani vyombo vya nyumbani walivyovizoea. Wapo pia mafundi wanaotaka kuuza kazi ya mikono yao mbali zaidi ya soko la Kamembe. Ikiwa fundi anayeishi ukingoni mwa Ziwa Kivu hawezi kujua kwa hakika kama bidhaa yake itafika au haitafika, basi maneno yote yanayosemwa juu ya biashara ya nchi za nje hayamhusu yeye.

Yafaa kwanza kuitazama njia yenyewe. Rwanda haina bahari. Kutoka Kigali hadi bandari ya Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,500, na hadi Mombasa ni zipatazo 1,700. Rusizi nayo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigali, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Mipaka iliyo karibu nayo si njia za kutegemewa kila siku: Burundi ilipoifunga mipaka yake na Rwanda mwezi wa Januari 2024, wakazi wa Bugarama walikumbushwa upesi kwamba lango lililo hatua chache kutoka mlangoni laweza kufungwa kwa siku moja. Kwa hiyo kifurushi kidogo cha kwenda Ulaya hakina njia nyingine ila kupanda hadi Kigali na kuondoka kwa ndege.

Hapo ndipo ugumu wa kwanza unapoanza. Kampuni za vifurushi vya haraka hazitozi nauli kwa uzito wa mizani peke yake. Hupima pia nafasi ambayo kifurushi kinaichukua ndani ya ndege. Kwa kawaida urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa pamoja, kisha jumla hugawanywa kwa 5,000, na jibu huhesabiwa kuwa kilo. Kisu kirefu chenye uzito wa nusu kilo kikifungwa vizuri katika boksi la sentimita 50 kwa 20 kwa 10, kitalipiwa kama mzigo wa kilo mbili. Yule anayekifunga kwa uangalifu, ili kisimdhuru mtu, ndiye anayelipa zaidi. Na yule anayebana matumizi kwa kukiviringisha katika gazeti ndiye anayehatarisha mikono ya makarani.

Ugumu wa pili ni tofauti iliyopo kati ya posta na kampuni za binafsi, tofauti ambayo wananchi wengi hawaifahamu. Posta za dunia zimeunganishwa na Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake makuu katika mji wa Bern, Uswisi. Mkataba wa Umoja huo unakataza vitu ambavyo kwa asili yake au kwa namna vilivyofungwa vyaweza kuwadhuru wafanyakazi au watu wengine. Visu havikatazwi moja kwa moja kwa kila nchi. Kila nchi mwanachama hutangaza yenyewe vitu isivyovitaka. Kwa hiyo kisu kinachopokelewa katika nchi moja chaweza kukataliwa katika nchi jirani yake. Kampuni ya binafsi, kwa upande wake, hufanya kazi kwa mapatano kati yake na mteja, nayo yaweza kuikataa bidhaa hata kama sheria haikuikataza. Ikiona kwamba faida ya kifurushi kimoja ni ndogo na hatari ya faini ni kubwa, itakikataa.

Si haki kudhani kwamba hofu hiyo haina msingi. Tarehe 11 Septemba 2001, ndege nne zilitekwa nchini Marekani na watu waliotumia visu vifupi. Kabla ya siku hiyo abiria wa nchi hiyo waliruhusiwa kuingia ndani ya ndege na kisu chenye makali yasiyozidi inchi nne. Tangu hapo ulimwengu mzima ulibadili kanuni zake. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba kanuni hizo zinahusu hasa mzigo ambao abiria anaingia nao mkononi. Kisu kilichofungwa vema kwa kawaida huruhusiwa katika begi linalokabidhiwa na kuwekwa chini ya ndege. Ndiyo sababu msafiri aweza kukifikisha kisu Brussels ndani ya begi lake, ilhali jirani yake aliyelipa nauli ya kifurushi ameshindwa. Wengi huuona huu kuwa upendeleo, kumbe ni kanuni mbili tofauti: msafiri yupo mwenyewe kujibu maswali, na kifurushi hakina mdomo.

Ugumu wa tatu, nao ndio mkubwa kuliko yote, ni sheria ya nchi kinakokwenda. Mfano ulio wazi ni Uingereza. Nchi hiyo imesumbuliwa kwa miaka mingi na vijana wanaochomana visu katika miji yake. Mwaka 2019 Bunge lake lilipitisha Sheria ya Silaha za Kudhuru, na sehemu kubwa ya sheria hiyo inayohusu visu ilianza kutumika tarehe 6 Aprili 2022. Kwa sheria hiyo, muuzaji anayeuza kwa mbali bidhaa yenye makali yanayoweza kumjeruhi mtu vibaya haruhusiwi kuipeleka nyumbani kwa mnunuzi pasipo kuhakikisha kwamba anayeipokea ametimiza umri wa miaka 18. Na pale ambapo muuzaji yuko nje ya Uingereza, ambako sheria hiyo haiwezi kumfikia, lawama humwangukia msafirishaji aliyepatana naye kufikisha kisu, endapo kitakabidhiwa kwa mtoto.

Hapa wasikilizaji wataona chanzo cha ile sura ya mashaka ya karani wa Kamembe au Kigali. Hajamshuku mteja wake. Anajua kwamba kampuni yake ndiyo itakayosimama mbele ya mahakama huko mbali, kwa kosa la mtu ambaye haikupata kumwona. Mwaka 2024 wasichana wadogo watatu waliuawa kwa kisu katika mji wa Southport, na baadaye ikajulikana kwamba muuaji alikuwa amenunua kisu kwa njia ya intaneti akiwa na umri wa miaka 17. Baada ya msiba huo, madai ya kukaza sheria yaliongezeka. Aina fulani za mapanga ya kutisha zilipigwa marufuku Uingereza na Wales tarehe 24 Septemba 2024, na panga jembamba linalofananishwa na la wapiganaji wa Kijapani likafuata tarehe 1 Agosti 2025. Ujerumani nayo ilikaza sheria yake ya visu mwaka 2024, baada ya watu kuuawa katika sherehe mjini Solingen.

Nchi hizo zina haki ya kuwalinda watoto wao. Lakini sheria inayotungwa kwa ajili ya mitaa ya London humfikia pia fundi wa Rusizi ambaye hajapata kuisikia. Hilo ndilo jambo la kufikiriwa: mtu mdogo hufungwa na kanuni ambazo hakuna aliyemfasiria kwa lugha anayoielewa.

Ugumu wa nne ni wa majina. Forodha za dunia hutumia orodha moja ya bidhaa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, ambamo kila kitu kimepewa namba. Visu vya kawaida vimo chini ya namba 8211. Zana za mkono za shambani, zikiwamo mashoka na mapanga ya kufyekea, zimo chini ya 8201. Panga la vita, singe na mikuki vimo chini ya 9307, katika sura ya silaha. Chuma ni kile kile na mhunzi aweza kuwa yule yule, lakini namba moja hukipitisha kisu mlangoni na namba nyingine hukipeleka kwa polisi. Mtu akiandika neno la kujivunia, kama vile jambia au upanga wa mababu, kwa kisu ambacho kwa hakika ni cha kukatia nyama, amekifunga mwenyewe. Wakazi wa pwani na ndugu zao wa Oman wanalijua jambo hili: khanjar ya Oman imo katika bendera ya nchi hiyo, na mwaka 2022 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa wanadamu, lakini kwa mashine ya uwanja wa ndege ni chuma chenye makali pande mbili.

Mpini pia una maswali yake. Mpini wa pembe ya ng'ombe waweza kudaiwa hati ya afya ya mifugo. Mpini wa pembe ya ndovu hauna njia ya halali ya biashara ya kawaida, kwa kuwa nchi zilizo katika mkataba wa CITES ziliamua mwaka 1989 kuizuia biashara hiyo. Hata majani makavu ya mgomba yanayotumika kuviringishia bidhaa yaweza kuzuiwa kwa hofu ya magonjwa ya mimea. Fundi anayetaka kazi yake ipite salama hana budi kuchagua mpini wa mti wa kawaida uliokaushwa na kusuguliwa vizuri, na ala ya ngozi iliyotengenezwa kikamilifu au ya karatasi ngumu.

Kutokana na mashaka haya yote, baadhi ya watu hushawishika kutumia njia ya mkato. Kisu huandikwa kuwa ni zawadi, au vitambaa, au vyombo vya jikoni bila maelezo zaidi. Wengine hukificha katikati ya mfuko wa unga wa muhogo. Hilo ni kosa, tena ni upumbavu. Mashine ya kumulika mizigo haisomi maandishi ya nje. Huonyesha chuma kilivyo. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 15 Machi 2021 Umoja wa Ulaya umedai taarifa za vifurushi vya ndege zitangulie kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo haujapakiwa, na Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2018. Taarifa isiyolingana na kilichomo hugeuza bidhaa halali kuwa magendo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na katika shughuli hii njia hiyo huishia kwenye meza ya forodha.

Madhara yake hayamwishii aliyedanganya. Vifurushi vya eneo moja vikijulikana kuwa na udanganyifu, vyote hufunguliwa. Kahawa ya jirani huchelewa, vikapu vya chama cha akina mama huchelewa, na wanunuzi wa mbali huchoka kungoja. Biashara ndogo za nje tayari zina mzigo wa kutosha. Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani iliondoa kwa nchi zote msamaha wa ushuru uliokuwa ukitolewa kwa vifurushi visivyozidi thamani ya dola 800, na posta za nchi nyingi zikasimamisha kwa muda kupokea bidhaa za kwenda huko. Wakati kama huo, jina la uaminifu ni mali.

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kupitwa kimya linapozungumzwa suala la visu na mapanga katika Rwanda. Human Rights Watch, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1999, ilionyesha kutokana na hati za uagizaji kwamba kati ya Januari 1993 na Machi 1994 ziliingizwa nchini kilo 581,000 za mapanga. Yalikuja kwa wingi, yakiwa na hati. Wiki chache baadaye mapanga yalitumiwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na Cyangugu haikusalimika. Wapo hai leo katika Rusizi watu wanaobeba makovu yake mwilini.

Historia hiyo yafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba hati peke yake haitoshi. Mapanga yale yalikuwa na karatasi. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka na dhamiri wa kuuliza ni ya nani, ni mengi kiasi hicho kwa nini, na yanakwenda kufanya kazi gani. Kwa hiyo Mnyarwanda hapaswi kulichukulia swali la karani kuhusu kisu chake kuwa ni tusi. Aliyeona panga likigeuzwa kuwa chombo cha mauti ndiye anayefahamu zaidi kwa nini swali hilo huulizwa. La pili ni kwamba chombo si mwenye hatia. Mkulima wa Bugarama aliendelea kufyeka kwa panga baada ya mwaka 1994, kwa sababu shamba halifyekwi kwa huzuni. Kumzuilia fundi mwaminifu kuuza kisu cha jikoni hakumrudishi aliyepotea. Kinachotakiwa ni kutofautisha zana na silaha, na mwenye nia njema na mwenye nia mbaya, na kazi hiyo hufanywa kwa maelezo ya kweli.

Nini basi kifanyike? Mpelekaji ana wajibu wake. Kabla ya kulipa hata senti moja, na aulize mambo matatu: je, nchi kinakokwenda inakiruhusu kisu cha aina hiyo, je, kampuni au posta inakipokea, na je, atakayekipokea ni mtu mzima anayeweza kuonyesha kitambulisho. Kisha na aandike kwa ukamilifu: kisu cha jikoni, kimoja, makali ya chuma sentimita kadhaa, mpini wa mti, matumizi ya kupikia, na bei yake halisi. Ncha ikingwe kwa gamba gumu, makali yavishwe ala, na kisu kisiweze kucheza ndani ya boksi hata likitikiswa. Risiti na nakala ya maelezo zitunzwe, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na kama yupo ndugu anayesafiri, huenda njia iliyo rahisi kuliko zote ikawa ni kumkabidhi kisu kilichofungwa vema akitie katika begi la kuwekwa chini ya ndege, si lile la mkononi, naye aambiwe waziwazi ni kitu gani anachobeba.

Kampuni za vifurushi nazo zina wajibu. Kumkatalia mteja ni haki yao; kupokea fedha zake huku zikijua kwamba kifurushi kitazuiwa si haki. Orodha ya vitu vinavyokataliwa, nchi kwa nchi, yapaswa kuwekwa wazi kwa Kinyarwanda na Kiswahili, si kwa Kiingereza na Kifaransa peke yake. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, nacho ndicho wanachokitumia wafanyabiashara wa pande zote mbili za mto Rusizi. Karani naye aelezwe sababu za kanuni, ili aweze kumweleza mteja badala ya kumfukuza.

Wenye dhamana ya forodha, posta na biashara katika wilaya wangeweza kusaidia sana kwa jambo lisilo na gharama kubwa, nalo ni kuwakusanya mafundi na wachuuzi wa Kamembe na Bugarama na kuwaeleza namba za bidhaa zao, fomu za forodha ziitwazo CN 22 na CN 23, na masharti ya nchi wanazotaka kuuza. Mafundi wakijiunga katika chama cha ushirika, wanaweza kupeleka mzigo mmoja mkubwa kwa mnunuzi mwenye duka na leseni. Muuza duka ndiye atakayeangalia umri wa wateja wake kwa sheria ya kwao, na kisu kimoja kimoja hakitapaswa tena kubisha hodi kwenye nyumba ya mtu.

Ulimwengu wa leo hupenda kusema kwamba umekuwa kijiji kimoja. Lakini katika kijiji cha kweli mtu humpelekea jirani yake kisu, naye hukipokea kwa mkono wa mpini, kwa kuwa wanajuana. Nchi na nchi hazijuani hivyo, na mahali pa kujuana huko pamewekwa hati, mashine na sheria. Fundi wa Rusizi hana uwezo wa kuziondoa. Anachoweza ni kuitendea kazi yake kwa uaminifu na kuyaandika maelezo yake kwa usahihi, na anachostahili ni kuelezwa kanuni hizo kabla hajalipa nauli, badala ya kuzijua kwa hasara.